Hakuna aliyeniuliza kuhusu pikipiki

Maneno haya niliyasema Mwanga, mjini Kigoma, mbele ya wenye nyumba za wageni, mawakala wa mabasi, vijana wanaoongoza watalii na wenye maboti ya Kibirizi. Nimeombwa niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Mwakeye. Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi vijana mlioko nyuma, marahaba, hata kama hamjasema.

Mwenyekiti amenipa nusu saa. Amenitazama kwa jicho la mtu anayejua kwamba muuguzi mstaafu akishika kipaza sauti hukirudisha betri ikiisha. Nitajitahidi nisimwaibishe.

Wengi mliokaa hapa mnanijua kwa sindano. Miaka 26 nilikaa dirishani nikichanja wasafiri. Dirisha lenyewe dogo, lina nondo, rangi yake ya kijani imechubuka pale watu wanapoegemeza viwiko. Upande wangu palikuwa na jokofu la chanjo, meza, daftari na muhuri. Upande wenu palikuwa na foleni, na kwenye foleni hiyo hakukosekana mtu mmoja ambaye meli yake inaondoka baada ya saa moja.

Kabla ya kuchoma nilikuwa na mazoea ya kumuuliza mtu: "Safari hii unaogopa nini?" Swali hilo halikuwa kwenye fomu. Nililianza ili mtu aangalie uso wangu, asiangalie mkono wake, maana kuna wanaume wazima, tena wavuvi wa Katonga wanaokesha ziwani, wakiona sindano wanatafuta pa kukaa. Lakini majibu yakaninogea, nikaanza kuyaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari.

Mtalii kutoka Ubelgiji aliogopa Ebola, nyoka, halafu kwa sauti ya chini, mamba. Mama mmoja wa Kibirizi anayevusha dagaa kwenda Uvira alinijibu, "Naogopa wale wa ushuru wa ng'ambo." Nikamwambia mama, mimi nazungumzia afya. Akacheka: "Na wao ni ugonjwa." Kijana anayekwenda kusoma China aliogopa chakula. Bibi wa Ujiji aliyekuja kuchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya Hija aliniambia anaogopa kukanyagwa, kwa kuwa aliona kwenye televisheni yaliyotokea Mina mwaka 2015. Sikumbishia. Nilimuuliza tu atabebaje maji na kama ana mwavuli, akaona namchelewesha. Mwavuli, akasema, atanunua hukohuko. Juni 2024, nikiwa nimeshastaafu, Saudi Arabia ikatangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki msimu ule, joto likiwa limepita nyuzi 50. Wengi wao walikuwa wametembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala pa kupumzikia. Siku nzima nilikuwa namfikiria bibi yule na mwavuli wake.

Kurasa zile za nyuma zina majibu mengi. Hakuna hata moja lenye neno pikipiki. Na karibu kila niliyemchanja, nikichungulia kwenye nondo, nilimwona anatoka pale na kupanda bodaboda, begi kwenye tenki mbele ya dereva, mtoto katikati, kofia ngumu inaning'inia kwenye usukani kama pambo.

Basi habari yangu ya leo ndiyo hiyo: namna msafiri anavyoipigia hesabu hatari kabla hajaondoka nyumbani, na kwa nini hesabu yake haifanani na ile tunayoiona wodini.

Mwaka 1987 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Paul Slovic, aliandika kwamba watu wa kawaida hawaipimi hatari kwa idadi ya waliokufa. Wanaangalia kama jambo linatia kiwewe, kama linaua wengi kwa mpigo, kama mtu anaweza kujizuia nalo, na kama linajulikana au ni geni. Ugonjwa mpya wenye jina la kigeni unakusanya alama zote. Malaria, ambayo sisi tumeizoea mpaka tunaiita "kahoma", haipati kitu. Nilipolisoma hilo nilisema moyoni, bwana huyu angekaa na mimi dirishani wiki mbili angemaliza kazi yake mapema. Mnisamehe, wauguzi nasi tuna majivuno yetu.

Chukueni mwaka 2014. Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, na hadi inaisha mwaka 2016 ilikuwa imeua watu zaidi ya 11,000. Tanzania hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Hata hivyo watalii walifuta safari za Afrika Mashariki, na wenye hoteli mnajua msimu ule ulivyokuwa. Sasa shikeni ramani na rula. Kutoka Freetown kwenda Madrid ni karibu kuliko kutoka Freetown kuja hapa Kigoma, tena kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Na Madrid ndiko muuguzi mwenzangu aliambukizwa, Oktoba ya mwaka huohuo, akimhudumia mgonjwa aliyerudishwa kutoka Sierra Leone. Alipona, namshukuru Mungu kwa niaba yake. Lakini sijapata kumsikia mtu aliyefuta safari ya Hispania akaja kujificha Kigoma.

Kwa aliye mbali, Afrika ni mtaa mmoja. Tusimcheke. Sisi wenyewe tukisikia redioni kwamba Ebola iko Congo, kesho yake soko la Kibirizi limepoa, kana kwamba ugonjwa umeshapanda boti Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2018 na tena 2020 ilikuwa Mbandaka, na kutoka Mbandaka hadi Kalemie ni zaidi ya kilomita elfu moja, nyingi zake msitu.

Halafu hatari ikiwa jirani kweli, tunaipita. Marburg, ndugu yake Ebola, ilitokea Kagera mwaka 2023, watu tisa wakaugua, sita wakafa. Januari 2025 ikatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Nyinyi mawakala mnajua barabara yetu ya kwenda Mwanza: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi. Nyakanazi iko wilaya ya Biharamulo. Nilipita pale siku hizohizo nikienda kumwona dada yangu. Basi likasimama, madirisha yakafunguliwa, mahindi ya kuchoma yakapanda juu na hela ikashuka chini. Hakuna aliyetaja Marburg. Mbele yangu kulikuwa na baba aliyeniambia kwamba asingekanyaga Congo hata kwa mshahara. Na nisiwe mchonganishi: abiria wale hawakukosea sana, Marburg huambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au ya maiti, mahindi ya Nyakanazi hayana hatia. Ila hawakuwa wamelifikiria hilo. Walikuwa wametulia kwa sababu Nyakanazi wanaijua, wamekula pale miaka yote.

Kagunga je? Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa kwenye kile kijiji chembamba kati ya mlima na ziwa, maelfu kwa maelfu, na kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inakwenda kuwachota kuwaleta huku mjini, wengine wakafikia uwanja wa Lake Tanganyika. Hadi kufikia katikati ya ugonjwa wagonjwa walikuwa kama 3,000, na waliokufa 31, kati yao Watanzania wawili. Watu wa mjini waliniambia dirishani kwamba wanaogopa wakimbizi. Wengine walikuja kuuliza kama kuna chanjo ya kuwakinga na wakimbizi, kwa maneno hayohayo. Nikawa nauliza: maji ya kunywa mnachota wapi? Wanajibu, ziwani. Mnachemsha? Wananitazama. Ziwa lao, waliloliogelea utotoni, lingewafanya nini? Mdudu wa kipindupindu haulizi pasi ya kusafiria, anauliza maji tu.

Niende Ujiji kidogo, kwa kuwa vijana wa utalii mnapeleka wageni pale kila wiki na hadithi mnayowapa ni ya kofia na kupeana mikono.

Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mzungu, aliogopa homa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Alibeba kwinini, tena alikuwa na vidonge alivyovitunga mwenyewe. Januari 1867, huko inakoitwa Zambia leo, wapagazi walitoroka na sanduku lake la dawa. Akaandika kwenye shajara kwamba alijiona kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo. Hiyo ndiyo hofu ya mtu anayejua anachokiogopa. Lakini aliendelea mbele. Karibu miaka mitano baadaye, Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipomkuta Ujiji mwaka 1871, alikuwa mifupa na masharubu. Alipokufa, Mei 1873, malaria ilikuwa mwilini, lakini kilichokuwa kimemtafuna kwa muda mrefu ni tumbo, kuhara damu. Aliiogopa homa, akawa anakunywa maji ya kila kijito.

Na kabla yake walikuja wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, Februari 1858. Burton miguu imekataa, Speke macho yamevimba, ziwa waliloliendea mwendo wote huo hakuliona vizuri. Lakini kisa ninachokipenda ni cha sikio. Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi, usiku tufani ikapiga hema, alipowasha mshumaa hema likajaa wadudu weusi. Mmoja akamwingia sikioni. Akajaribu siagi iliyoyeyushwa, mdudu akazidi kuchimba. Akachukua kisu. Alimuua mdudu, na sikio akalijeruhi, usaha ukatoka, uso ukapinda, kwa miezi hakusikia upande ule. Nawaambia kisa hiki kwa sababu moja: hakuna orodha ya hatari za safari, iwe ya mwaka 1858 au ya leo, iliyoandika mdudu wa sikioni. Na kilichomuumiza zaidi hakikuwa mdudu, kilikuwa kisu. Mdudu akiingia sikioni, vijana, tia mafuta ya kula ya vuguvugu, laza kichwa, halafu nenda zahanati. Siagi yake haikuwa wazo baya.

Tukiwa bado ziwani. Wageni wote wameshasikia habari za Gustave, yule mamba wa upande wa Burundi. Anaulizwa kila boti. Mgeni anasimama Bangwe, anatazama maji yanavyong'aa mpaka unaona mawe chini, anauliza: kuna mamba? Anaambiwa hapa hakuna. Basi anavua shati na kuingia. Hakuna anayeuliza konokono. Konokono wa kichocho ni mdogo kama kifungo cha shati, anakaa kwenye maji yaliyotulia, kwenye majani, karibu na vijiji ambako watoto wanaoga na vyoo viko jirani. Kijidudu kinachotoka kwake kinapenya ngozi bila kuuma, na ugonjwa unaanza wiki kadhaa baadaye, mgeni ameshafika kwao Ulaya na ameshasahau jina la ufukwe. Daktari wa kule anatafuta sababu ya homa na kuhara asiyoijua, na sisi huku watoto wetu wanabeba kichocho cha tumbo miaka na miaka, kwa kuwa ziwa ni la kwetu. Dawa yake ipo, praziquantel, na si ghali. Lakini mtu hujipeleka kupima kwa kile anachokiogopa, na konokono nani anamwogopa.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma.

Binti yangu anaishi Dar es Salaam. Ameolewa kule, mtoto wake wa kwanza amezaliwa kule. Mwaka mmoja akaniletea mjukuu kwa mara ya kwanza, likizo ya Desemba. Walikuja kwa treni, siku mbili kasoro, mtoto anahesabu stesheni, na pale Tabora wakamnunulia asali kwenye chupa ya maji. Nilifurahi mpaka jirani zangu wakachoka. Nilipika migebuka, nikapika ugali wa muhogo, mtoto akakataa vyote akala maembe.

Kitanda cha wageni nyumbani kwangu kina chandarua. Niseme kweli: kilikuwa na chandarua. Kilikuwa juu ya kabati, kimekunjwa, ndani ya mfuko wake wa plastiki kama tulivyogawiwa. Nilikuwa sijakifunga kwa sababu misumari ya dari ilihitaji fundi, na fundi alikuwa anakuja kesho tangu Oktoba. Ningekuwa na mgeni wa Ubelgiji, ningemkimbilia fundi huyo na kumshika shati. Lakini aliyekuja ni mjukuu wangu, damu yangu, mtoto wa Kigoma. Nilimlaza, nikamfunika shuka, nikazima taa. Usiku nilisikia mbu. Nikasema mbu wa kwetu hao.

Wamekaa siku tisa, wakarudi. Siku kama ya tano baada ya kufika Dar mtoto akachemka. Binti yangu akampeleka hospitali fulani, akaambiwa ni mafua makali, akapewa dawa ya kikohozi. Hawakumuuliza ametoka wapi, na yeye hakusema, kwa kuwa mtu hasemi "nimetoka safari" akitoka kwa mama yake. Siku ya pili mtoto hajaweza kukaa. Akanipigia simu usiku. Nilipomsikia anavyoeleza nilishuka kitandani nikasimama wima gizani nikamwambia, mchukue sasa hivi, mwambie daktari ametoka Kigoma, sema Kigoma kabla hujasema jina lake. Wakampima kidole. Malaria, tena imeshakuwa kali. Alichomwa sindano za artesunate, akaongezwa damu. Alipona. Leo anacheza mpira na ana kelele kuliko babu yake.

Nilirudi chumbani kwangu asubuhi ile nikakitazama kile chandarua juu ya kabati. Miaka 26 nimewaambia watu wafunge vyandarua.

Nieleze kitaalamu kidogo, maana kosa langu ni kosa la familia nyingi. Kinga ya malaria haiji kwa ukoo wala kwa kabila. Huja kwa kuumwa na kuumwa tena tangu utotoni, na haiwi kamili. Ukihama ukakaa mahali penye mbu wachache, baada ya mwaka mmoja au zaidi inapungua. Mtoto aliyezaliwa Dar hana kabisa. Kwa hiyo anayetoka Masaki kuja Kigoma au Tabora na anayetoka Ubelgiji, mbele ya mbu, wamelingana. Tofauti ni kwamba Mbelgiji ameogopa. Amekuja na vidonge vya kinga, amenunua dawa ya kujipaka, analala ndani ya chandarua kama samaki kwenye wavu. Uingereza wamehesabu miaka mingi, na wengi wa wanaorudi na malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kusalimia ndugu. Watalii ni wachache. Wanaorudi nyumbani ndio wanaougua, kwa sababu wanarudi nyumbani.

Wenye nyumba za wageni, nisikilizeni hapa. Mgeni akisema, "Mimi ni wa hapahapa, nimezaliwa Gungu," msimpe kile chumba chenye chandarua kilichotoboka mkidhani mmeepuka lawama. Huyo ndiye. Mpeni kile kizima. Na akiondoka mwambieni: ukipata homa ndani ya miezi mitatu, taja kwamba ulilala huku. Homa huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa, mara nyingi siku ya kumi, kumi na tano. Mtu anakuwa ameshasahau.

Nimesema habari za muhuri? Sijasema. Nitapita haraka maana inaniudhi. Anayekwenda Congo anadaiwa kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, kwa hiyo watu wakaanza kuiogopa kadi kuliko homa yenyewe. Walikuwa wanakuja na noti imekunjwa ndani ya kitambulisho: "Mama, usinichome, nigongee tu." Mtu anaondoka kesho, na chanjo ile inahesabiwa kuwa halali baada ya siku kumi. Walikuwa hawaniombi kinga, waliniomba karatasi. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, kwa hiyo hata hiyo noti yenyewe ni hasara. Tuendelee.

Kuna jambo la Gombe. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa sokwe wa Gombe msemo huo umegeuka. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960, na mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwapiga sokwe, wengine wakapooza, wengine wakafa. Mafua yetu yanawaua pia. Mtalii anapopanda boti Kibirizi kichwa chake kimejaa kile anachoweza kukipata kule. Anajipaka, anavaa mikono mirefu, anauliza kama sokwe anang'ata. Yeye mwenyewe anakohoa toka juzi. Hapo nyinyi viongozi ndio mna kazi ngumu, kumwambia mtu aliyelipa dola zake kwamba leo hapandi mlimani kwa sababu ya makamasi. Najua wengine mnanyamaza. Barakoa na umbali vipo kwa ajili hiyo, na hatari iliyo ndani ya mtu mwenyewe ndiyo ya mwisho kuonekana na yeye.

Narudi kwenye pikipiki kama nilivyoahidi.

Shirika la Afya Duniani linasema barabara zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka. Wamarekani wanawaambia raia wao wenye afya njema kwamba wakiwa nje ya nchi, kitu kinachoongoza kuwaua ni ajali ya barabarani, si mdudu wa mwituni. Na sikilizeni hili. Baada ya ndege kugonga majengo New York mwaka 2001, Wamarekani wengi waliogopa kupanda ndege wakaendesha magari. Mtaalamu wa Kijerumani, Gerd Gigerenzer, alipiga hesabu ya barabara zao za mwaka uliofuata, akaona waliokufa zaidi ya kawaida ni kama 1,500. Waliikimbia ndege, wakafia kwenye gari ambalo hawakuwa na hofu nalo, kwa sababu usukani walikuwa wameushika wenyewe.

Ukishika usukani unajiona salama. Ukimjua dereva unajiona salama. Bodaboda ni mtoto wa shangazi, nahodha ni shemeji. Kofia ngumu ya nini?

Wiki iliyopita nilikwenda Kibirizi kumsindikiza jirani anayekwenda Mwamgongo. Boti limejaa, mafuta ya mawese chini, magodoro katikati, kuku wamefungwa miguu, watu juu ya vyote. Nikauliza jaketi okozi ziko wapi. Kijana akanionyesha kwa fahari: zipo, zote. Nilizitazama. Abiria walikuwa wamezikalia, kwa kuwa mbao za boti ni ngumu. Mama mmoja alikuwa amelaza mtoto juu ya moja, amekunja kanga kama mto, mtoto amelala vizuri kabisa. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa, ndiyo maana kamchukulia mtoto sweta, asipate kichomi kwa upepo wa ziwa.

Nimeona mzee wa Kibirizi pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipotaja jaketi, na jirani yake anamshusha. Mwacheni. Najua atasema zinanuka samaki, na ni kweli zinanuka, niliinusa moja. Mzee wangu, simama useme.